N. T. Rama Rao wa Andhra Pradesh: kura za wananchi zilimpa kiti, hoja ya hesabu ya wabunge ikamtoa mara mbili

#1 Mzee wa Akidi

Wakuu, heshima zenu. Nyuzi za India humu zikianzishwa huishia kwa Gandhi, Nehru na Modi. Siasa za majimbo, ambako ndiko Mhindi wa kawaida anakutana na serikali, hazina mwenyewe. Leo tumshike mmoja tumchambue: Nandamuri Taraka Rama Rao, maarufu NTR, Waziri Kiongozi wa Andhra Pradesh.

Kwanza mfumo, maana bila huo hadithi yake haieleweki. Kila jimbo la India lina bunge lake. Lina Gavana, anayeteuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali ya Delhi. Halafu kuna Waziri Kiongozi (wa Zanzibar mnakikumbuka cheo hiki, kilikuwepo mpaka 2010). Waziri Kiongozi hapigiwi kura na jimbo zima. Anakaa pale kwa sababu wabunge wengi wako nyuma yake, na siku wakimwacha, kwisha habari. Bunge la Andhra Pradesh enzi hizo lilikuwa na viti 294. Nusu ni 147, kwa hiyo namba ya kuishika kichwani uzi huu wote ni 148.

NTR alizaliwa 28 Mei 1923 kijiji cha Nimmakuru, wilaya ya Krishna. Alipata kazi ya serikali kwenye ofisi ya msajili, akaiacha baada ya wiki chache akaenda Madras kuigiza. Filamu yake ya kwanza ilitoka 1949, na mpaka anaingia siasa alikuwa amecheza filamu takriban 300, nyingi za Kitelugu, lugha ya Andhra. Katika 17 kati ya hizo alicheza mungu Krishna, na vijijini kulikuwa na watu waliotundika picha yake ya Krishna ukutani pamoja na picha za ibada. Mgombea wa namna hiyo hahitaji kujitambulisha.

Ila umaarufu peke yake hauelezi 1983. Kati ya 1978 na 1983 chama tawala cha Congress kilibadilisha Mawaziri Viongozi wanne: Chenna Reddy, Anjaiah, Venkatarami Reddy na Vijaya Bhaskara Reddy. Waliwekwa na kuondolewa kutoka Delhi, wabunge wa Hyderabad, mji mkuu wa jimbo, wakigonga muhuri tu. Mwaka 1982 Rajiv Gandhi, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, alimfokea Anjaiah hadharani kwenye uwanja wa ndege wa Begumpet kwa sababu ya mapokezi ya mbwembwe. Waziri Kiongozi wa Watelugu kagombezwa kama tarishi, na magazeti yakaandika.

Tarehe 29 Machi 1982 NTR akatangaza chama chake, Telugu Desam. Ajenda ilikuwa moja: heshima ya Watelugu. Januari 1983, miezi tisa tu baadaye, chama hicho kikachukua viti takriban 200 kati ya 294, Congress ikabaki na 60. NTR akaapishwa 9 Januari, uwanjani, mbele ya umati, siyo ndani ya ikulu ya Gavana kama ilivyozoeleka.

Naendelea na 1984 chini. Wenye nyongeza karibuni.

---

#2 kiti_cha_mbele

Nimeshakaa mkuu. Swali dogo: miezi tisa, chama kipya, hakina matawi wala fedha za Congress. Alizungukaje jimbo zima? Andhra ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 50.

---

#3 Fundi Kampeni

Hilo ndilo eneo ambalo wanasiasa wengi wa India walimwiga baadaye, wacha nilieleze.

Alichukua gari la kizamani aina ya Chevrolet, akalifanyia marekebisho likawa na jukwaa juu ya paa, vipaza sauti, taa za kummulika usiku na mahali pa kulala ndani. Akaliita Chaitanya Ratham, yaani gari la vita la mwamko. Dereva alikuwa mwanawe, Harikrishna. Yeye mwenyewe alivaa kaki, sare ya madereva na vibarua.

Faida zake ni za kiufundi kabisa. Jukwaa la mkutano wa hadhara linataka mbao, mahema, jenereta, watu wa kufunga na kufungua, na kibali. Mgombea wa kawaida akifanya mikutano mitatu mikubwa kwa siku kajitahidi. NTR alikuwa na jukwaa linalotembea. Anasimama njia panda, anapanda juu ya paa, anaongea dakika chache, anaondoka. Alikuwa akilala ndani ya gari, anaoga na kunyoa kando ya barabara, watu wanaangalia. Ratiba ikichelewa saa sita watu wanamsubiri mpaka usiku wa manane, na hilo nalo linakuwa habari ya kesho yake.

Upande wa alama ya kura alipata baiskeli. Kwa wapiga kura wasiojua kusoma, kitu kilichomo kila uani ni rahisi kukumbuka kwenye karatasi.

Upungufu wake: mtindo huu unajenga mtu, haujengi chama. Wagombea wengi wa 1983 walikuwa wageni wa siasa, walimu, mawakili, madaktari, na pamoja nao wakaingia watu wa Congress waliokosa nafasi kwao. Hao wa mwisho wawekeeni alama.

---

#4 Mzee wa Akidi

Fundi kanifungulia njia. Mmoja wa waliotoka Congress alikuwa Nadendla Bhaskara Rao, aliyekuwa na NTR tangu chama kinaanzishwa na akawa Waziri wa Fedha.

Katikati ya 1984 NTR alikwenda Marekani kufanyiwa upasuaji wa moyo, akarudi katikati ya Agosti. Tarehe 16 Agosti Gavana Ram Lal akamfukuza kazi kwa madai kwamba amepoteza wingi, na siku hiyohiyo akamwapisha Bhaskara Rao. Hapakuwa na kura bungeni. Na Bhaskara Rao akapewa siku 30 za kuthibitisha kwamba anao wabunge.

Hapo kwenye siku 30 pasomeni mara mbili. Mtu mwenye wabunge 148 kweli hahitaji mwezi, anahitaji asubuhi moja. Siku 30 ni muda wa kununua. Waziri Kiongozi mpya anagawa uwaziri, uenyekiti wa mashirika ya umma, zabuni, anaita mmoja mmoja.

NTR alijibu hivi:

Aliwakusanya wabunge wake kimwili. Siyo sahihi zao, wao wenyewe. Sahihi inaweza kukanushwa kesho yake, na kulikuwa na majina yaliyodaiwa na pande zote mbili. Mtu aliyesimama mbele yako hakanushiki.

Kisha akawapeleka Delhi kwa treni, zaidi ya 160, akawasimamisha mbele ya Rais Zail Singh. Mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, wiki chache tu baada ya upasuaji. Picha ile ilimaliza mjadala wa nani ana wingi: 160 na ushee kati ya 294, hata mtoto wa darasa la tatu anajumlisha.

Tatu, akawatoa nje ya jimbo kabisa. Walihamishiwa Karnataka, ambako Waziri Kiongozi alikuwa Ramakrishna Hegde wa chama cha Janata, mpinzani wa Congress. Maana yake polisi wa Bhaskara Rao hawawezi kuwafikia, na wapambe wenye mabegi ya fedha lazima wapite kwa polisi wa Hegde. Wakakaa hotelini wiki kadhaa.

Upinzani wa nchi nzima ukaungana naye, magazeti yakachachamaa, mitaani ikawa maandamano na vifo vikatokea. Kabla Agosti haijaisha Gavana Ram Lal akaondoka, akaletwa Shankar Dayal Sharma (baadaye Rais wa India). Bunge lilipoitishwa Septemba kikao kikavurugika bila kura kupigwa. Siku 30 zikakatika, Bhaskara Rao hana namba, na 16 Septemba 1984 NTR akarudi kitini.

Oktoba Indira Gandhi akauawa, na kwenye uchaguzi mkuu wa Desemba Congress ikazoa viti zaidi ya 400 kwa wimbi la huruma. Andhra ikakataa: Telugu Desam ilipata viti 30 kati ya 42 vya jimbo hilo, ikawa chama kikubwa zaidi cha upinzani katika bunge la taifa. Chama cha jimbo moja hakikuwahi kufika hapo. NTR akavunja bunge la jimbo, akaitisha uchaguzi Machi 1985, akapata 202. Mwenyewe aligombea viti vitatu katika kanda tatu, Gudivada, Hindupur na Nalgonda, akashinda vyote, akabaki na Hindupur. (Sheria ya wakati ule haikuweka kikomo cha viti. Sasa mwisho ni viwili.)

---

#5 binti_wa_Kisutu

Kwetu Tanzania mbunge akihama chama kiti kinakwenda, na Kenya katiba yao inasema vivyo hivyo. Ndiyo maana wa kwetu "wanaounga mkono juhudi" lazima wajiuzulu warudi kwenye uchaguzi mdogo. Kule hawakuwa na sheria hiyo?

---

#6 Wakili wa Bure

Mwaka 1984 hawakuwa nayo, dada. Mbunge alikuwa huru kuvuka sakafu asubuhi, jioni akarudi. Haryana waliwahi kuwa na mbunge aliyebadili chama mara tatu ndani ya wiki mbili mwaka 1967, na huko ndiko ulikotoka msemo wao wa "Aya Ram, Gaya Ram", kaja Ram, kaenda Ram.

Sheria ilikuja mapema 1985, marekebisho ya 52 ya katiba, yakaongeza Jedwali la Kumi. Inafanya kazi hivi:

- Mbunge akijitoa chamani kwa hiari yake anapoteza kiti. Mahakama zimesema "kujitoa" si lazima iwe kwa barua, hata mwenendo unatosha.
- Akipiga kura kinyume na agizo la mnadhimu wa chama, au asipotokea, anapoteza kiti, isipokuwa chama kimsamehe ndani ya siku 15.
- Anayeamua ni Spika. Tangu hukumu ya Kihoto Hollohan ya 1992 uamuzi wake unaweza kupelekwa mahakamani, lakini baada ya kuutoa.
- Theluthi moja ya wabunge wa chama wakitoka pamoja, hiyo ilihesabiwa ni mgawanyiko halali na hawaguswi. Theluthi mbili wakiungana na chama kingine, ni muungano halali.

Mmeona tundu? Mmoja akihama ni msaliti, theluthi wakihama ni chama kipya. Sheria ilizuia rejareja ikaruhusu jumla. Kifungu cha theluthi moja kilifutwa na marekebisho ya 91 ya mwaka 2003, yaliyoweka pia kikomo cha mawaziri kuwa asilimia 15 ya bunge, ili nafasi za kuhongea zipungue. La theluthi mbili lipo mpaka leo.

Na tundu kubwa kuliko yote ni Spika mwenyewe. Ni mwanasiasa wa upande fulani, na kwa muda mrefu hakubanwa na tarehe ya kuamua. Faili linakaa mezani mpaka muhula unaisha.

---

#7 mkulima_wa_Mbarali

Tutoke kwenye sheria kidogo. Mchele wa rupia mbili ulikuwaje hasa? Maana hiyo ndiyo sera inayotajwa kila mahali.

---

#8 Bei ya Soko

Kila kaya maskini ilipewa kadi. Kwa kadi hiyo unanunua duka la mgao kilo 5 kwa kichwa kwa mwezi, mwisho kilo 25 kwa kaya, kwa rupia 2 kilo. Serikali inanunua mchele kwa bei ya juu zaidi ya hiyo, halafu inalipia usafiri, ghala na kamisheni ya mwenye duka. Tofauti yote ni ruzuku.

Matatizo yalikuwa matatu. La kwanza, bei ya kuuzia imegandishwa, ya kununulia inapanda kila msimu kwa sababu wakulima nao ni wapiga kura, tena wa delta ya Godavari na Krishna ambao ndio ngome ya chama. Ruzuku inapanuka yenyewe bila mtu kuamua. La pili, kadi hewa: mtu hatolewi kwenye orodha akihama au akifa, na hakuna mwanasiasa wa kijiji anayetaka kuonekana anafuta kadi. La tatu, kilo ya rupia 2 ikiwa jirani na soko la bei mara mbili au zaidi, mchele utaota miguu tu, hata uweke askari.

Congress ilipandisha bei mpaka rupia 3.50 mwaka 1992, na hilo likawa moja ya sababu za kuanguka kwao 1994. NTR aliirudisha rupia 2. Mkwewe Naidu alipomrithi akapandisha tena 3.50. Ukitaka kujua hali ya hazina ya Andhra miaka hiyo, angalia bei ya mchele wa kadi.

Ila tusiibeze. Kwa kibarua wa shamba wa 1983 huko Telangana, sehemu ya Andhra wakati ule, kilo 25 za bei hiyo zilikuwa tofauti ya kukopa kwa mwenye shamba na kutokopa. Asiyedaiwa anaweza kumpigia kura mtu asiyekubalika na bwana wake.

---

#9 Mzee wa Akidi

Naongeza moja ambayo mimi naiona kubwa kuliko mchele: kufuta vyeo vya urithi vya vijiji, Januari 1984.

Kila kijiji kilikuwa na karani wa ardhi, karanam (Telangana waliitwa patwari), na cheo kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Daftari la mashamba lilikaa nyumbani kwake. Ukitaka cheti cha kumiliki, ukitaka mkopo wa benki, ukitaka jina la marehemu baba yako libadilishwe kuwa lako, unakwenda kwake, na familia yake imekuwa hapo tangu enzi za babu yako. NTR alivifuta vyote kwa mkupuo. Tatizo la siku ya kwanza likawa daftari lenyewe: maelfu ya wazee hao walikuwa ndio pekee wanaojua kusoma alama na vipimo vya zamani vilivyomo, na wengine waligoma kukabidhi. Kesi za mipaka zikaota kila mahali.

Baada ya hapo, 1985, zile taluka kubwa (vitengo vya utawala chini ya wilaya) zikavunjwa zikawa mandal ndogo takriban 1,100. Mtu aliyekuwa akisafiri siku nzima kufuata ofisi ya mapato sasa anaifikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kisiasa ilizaa viti vipya vya wenyeviti wa mandal, ambavyo watu wa tabaka za nyuma walivigombea na kuvipata. Uti wa mgongo wa chama ulitokea huko, siyo kwenye filamu.

---

#10 Nyota ya Bandari

Na haki ya mabinti msiisahau. Andhra ilibadilisha sheria ya mirathi ya Wahindu ili binti awe mrithi sawa na kaka yake katika mali ya ukoo, ikaanza kutumika Septemba 1985. Kulikuwa na kipengele: aliyekwisha olewa kabla ya tarehe hiyo hahesabiwi. Wazazi wenye mabinti wakubwa wakajua la kufanya kama walikuwa hawataki kugawa. India nzima ilifuata 2005, miaka 20 baadaye. Chuo kikuu cha wanawake cha Tirupati nacho ni cha 1983, mwaka wake wa kwanza madarakani.

---

#11 sumu_ya_panya

Mnampamba mno huyu mzee. Mbona 1989 aliangushwa kama gunia? Wekeni na hayo.

---

#12 Fundi Kampeni

Yawekwe, ni haki yako.

Umri wa kustaafu. Mwaka 1983 alishusha umri wa watumishi wa umma kutoka 58 hadi 55, mwenyewe akiwa na 59. Kwa kalamu moja maelfu wakajikuta nje. Akawa na mgomo mkubwa, kesi mpaka Mahakama ya Juu ya India, halafu serikali yake ikarudisha 58. Watumishi wa umma ndio wanaosimamia kila programu unayoitangaza, na hawakumsamehe.

Karamchedu, Julai 1985. Wenye mashamba wa tabaka la Kamma, ambalo ndilo la NTR na ndilo nguzo ya chama, waliwashambulia Wadalit (watu wa tabaka la chini kabisa) wa kijiji hicho na kuua sita. Chama kilichojiita cha wanyonge kilionekana kinasitasita, na sehemu kubwa ya kura za Wadalit ikahama.

Vijayawada, Desemba 1988. Vangaveeti Mohana Ranga, mbunge wa Congress na kipenzi cha tabaka la Kapu, aliuawa akiwa katika mgomo wa kula. Mji ukaungua siku kadhaa. Kapu ni wengi pwani ya Andhra, na uchaguzi ulikuwa chini ya mwaka mmoja mbele.

Februari 1989 siri za bajeti zilipovuja, akawafukuza mawaziri wote 31 siku moja. Hilo linapendeza kwenye filamu. Kwenye siasa umetengeneza watu 31 wenye kinyongo, kila mmoja na wilaya yake.

Matokeo: Congress 181, Telugu Desam 74. NTR alishinda Hindupur lakini akashindwa Kalwakurthy. Kwenye bunge la taifa akapata viti viwili tu, na huku yeye ndiye mwenyekiti wa National Front, muungano ulioingia madarakani Delhi mwaka huohuo chini ya V. P. Singh. Jahazi limefika bandarini, nahodha kaanguka baharini.

---

#13 kiti_cha_mbele

Halafu akarudi 1994? Na umri ule?

---

#14 Mzee wa Akidi

Akarudi na viti 216, vingi kuliko vyote alivyowahi kupata, Congress ikabaki na 26. Alikuwa na miaka 71.

Vitu vitatu vilimrudisha. Mchele wa rupia 2. Umeme wa pampu za wakulima kwa malipo ya mkupuo, rupia 50 kwa kila nguvu-farasi kwa mwaka. Na marufuku ya pombe, ambayo hakuibuni yeye. Ilianzia kijiji cha Dubagunta, wilaya ya Nellore, wanawake waliokuwa kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima wakafunga maduka ya arak, pombe kali ya bei rahisi iliyouzwa kwenye vipakiti kwa vibali vya serikali. Mwaka 1992 ikasambaa jimbo zima, wanawake wanazuia minada ya vibali. Congress ilipiga marufuku arak Oktoba 1993, lakini NTR aliahidi pombe zote, na Januari 1995 akatekeleza.

Hapo akajifunga kamba shingoni. Kodi ya pombe ilikuwa miongoni mwa mapato makubwa ya jimbo, na kaikata mwezi uleule anaopandisha ruzuku ya mchele na umeme. Magendo yakaingia kutoka majimbo jirani, na pia Yanam, kipande cha eneo la Puducherry kilichomo ndani ya Andhra ambako sheria ya Hyderabad haifiki. Naidu aliilegeza 1997.

Sasa Agosti 1995. Mke wa kwanza, Basava Tarakam, alifariki kwa saratani miaka ya themanini. Mwaka 1993 NTR alimuoa Lakshmi Parvathi, aliyekuwa akiandika historia ya maisha yake. Baada ya ushindi, wabunge wakaanza kulalamika kwamba njia ya kumfikia mzee inapitia kwake: uteuzi, tiketi, hata miadi. Watoto wa NTR nao hawakumtaka. Malalamiko haya mawili, la wabunge na la familia, yakapata kiongozi mmoja: Chandrababu Naidu, mkwe wa NTR, Waziri wa Fedha na Mapato, na mtu aliyekuwa akiendesha ofisi za chama kwa miaka kumi. Fundi alisema pale juu, gari la paa linajenga mtu, siyo chama. Mwenye chama alikuwa Naidu.

Wabunge wakaingizwa Hoteli ya Viceroy, kando ya ziwa Hussain Sagar, katikati ya Hyderabad. Mwaka 1984 hoteli ilikuwa ya NTR; safari hii yuko nje. Alikwenda pale na gari lake la kampeni kuwasihi watoke, akarushiwa ndala.

Alipeleka kwa Gavana Krishan Kant pendekezo la kuvunja bunge. Gavana hakulivunja, akamtaka athibitishe wingi. Namba hana. Akalazwa hospitali, na 31 Agosti akajiuzulu. Naidu akaapishwa 1 Septemba 1995. NTR akawa anajifananisha na Shah Jahan aliyefungwa na mwanawe Aurangzeb. Akafariki kwa moyo 18 Januari 1996.

---

#15 binti_wa_Kisutu

Wakili, na ile sheria ya 1985? Mbona haikuwakamata?

---

#16 Wakili wa Bure

Kwa sababu hawakuhama. Hilo ndilo lililomzidi mzee maarifa.

Bhaskara Rao 1984 alivunja chama akaegemea Congress. Naidu 1995 hakutoka. Wabunge wengi wa Telugu Desam walikaa kama kamati ya wabunge wa chama, wakamchagua yeye kuwa kiongozi wao, wakasema: chama ndio sisi. Mnadhimu ni wa kwao, kwa hiyo agizo la chama ni la kwao. Spika, Yanamala Ramakrishnudu, alikuwa upande wao. Hata angekuwa mkali, theluthi moja ya 216 ni 72, na Naidu alikuwa amepita hapo mbali sana. NTR alikuwa mwasisi, mwenye sura na mwenye kura, lakini Jedwali la Kumi halina kifungu cha mwasisi.

Na la Gavana: kati ya 1984 na 1995 ilitoka hukumu ya Bommai, Machi 1994, iliyosema wingi hupimwa ndani ya ukumbi wa bunge, siyo ofisini kwa Gavana. Yaani kanuni ambayo ingemlinda NTR 1984 ndiyo iliyombana 1995.

Mtindo wa hoteli nao haujafa. Maharashtra 2022 Eknath Shinde aliwapeleka wabunge wa chama chake cha Shiv Sena kwanza Surat, Gujarat, halafu Guwahati, Assam, yote majimbo ya BJP, chama cha Modi. Ni somo lilelile la Karnataka 1984: ficha wabunge chini ya polisi wa rafiki yako.

---

#17 Nyota ya Bandari

Na ile alama ya baiskeli alibaki nayo nani?

---

#18 Fundi Kampeni

Naidu. Tume ya Uchaguzi huangalia wabunge wangapi na viongozi wangapi wa chama wako upande upi, na huko kote alikuwa mbele. Lakshmi Parvathi alisajili kundi lake kwa jina la NTR, akashinda uchaguzi mdogo wa kiti cha Pathapatnam 1996, lakini kwenye ubunge wa taifa mwaka huo hakupata hata kimoja, wakati Naidu alipata 16.

Familia imetawanyika vyama vyote: Purandeswari, binti yake, alikuwa waziri wa serikali kuu kwa Congress, sasa yuko BJP. Balakrishna, mwigizaji, anashikilia Hindupur tangu 2014, kiti ambacho Telugu Desam haijawahi kukipoteza tangu izaliwe. Jimbo lenyewe liligawanywa 2 Juni 2014 ikazaliwa Telangana, na Naidu amerudi kuwa Waziri Kiongozi wa Andhra iliyobaki kwa viti 135 kati ya 175 mwaka 2024.

---

#19 sumu_ya_panya

Nimekubali. La mwisho: nasikia alifuta baraza la juu la bunge. Jimbo linaweza kujifutia bunge?

---

#20 Wakili wa Bure

Haliwezi peke yake. Ibara ya 169: bunge la chini linapitisha azimio kwa wingi wa wajumbe wote pamoja na theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura, halafu bunge la Delhi linatunga sheria ya kawaida. Hatua ya pili haina tarehe ya mwisho, kwa hiyo Delhi isipotaka, azimio linalala. NTR alipitisha la kwanza 1983, hoja yake ikiwa kwamba baraza linachelewesha miswada na ni pa kupumzishia walioshindwa (na kweli Congress ilikuwa na wingi humo). Delhi ikakaa kimya. Akapitisha jingine baada ya ushindi wa 1985, na baraza likafutwa kuanzia 1 Juni 1985. Y. S. Rajasekhara Reddy wa Congress akalirudisha 2007. Mwanawe, Jagan, akapitisha azimio la kulifuta tena Januari 2020 lilipomkwamishia muswada wa miji mikuu mitatu, kisha akaliondoa Novemba 2021 baada ya chama chake kupata wingi humohumo. Kwa sasa lipo, lina wajumbe 58.